TAHARIRI: Makumbusho yanatuonyesha lukasa kwenye simu, lakini hayatuulizi kitu

Kijana wa Kabongo mwenye simu na mega chache anaweza leo kuitazama lukasa iliyoko Brooklyn, mjini New York, akaikuza picha kwa vidole viwili hadi auone kila ushanga ulipopigiliwa. Babu yake aliyezaliwa hapa hapa, katika nchi ya Baluba, pengine hakuwahi kuruhusiwa kuigusa. Lukasa ni kibao cha mti chenye shanga, simbi na michoro, kiasi cha kushikwa kwa mkono mmoja. Mtu wa chama cha Mbudye alipitisha kidole juu yake huku akitaja majina ya wafalme, njia walizopita, mahali patakatifu na miiko ya utawala. Ni kitabu chetu, ila kinasomwa na yule tu aliyefundishwa.

Sasa kitabu hicho kimeingia kwenye intaneti, na sisi hatukatai. Tunachouliza ni hiki: kimewekwa huko ili nani akisome?

Makumbusho ya dunia yamebadilika sana. Mwaka 2020, Korona ilipofunga milango yao, yalikimbilia Facebook, Instagram na YouTube kutafuta watu. Getty ya Marekani iliwaomba watu waige michoro mashuhuri wakiwa nyumbani, kwa mashuka na sufuria, na watu wengi waliitikia kwa vicheko. Metropolitan ya New York ilikuwa imetangulia: tangu Februari 2017 imeachia picha za kazi zake za zamani zisizobanwa na haki za mtunzi, zichukuliwe na yeyote bila malipo. Mwaka 2019 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliungana na Google kuonyesha mtandaoni mila na hadithi za makabila ya nchi hiyo. Mwalimu wa shule ya msingi hapa kwetu akipata kompyuta na printa, anaweza kubandika ukutani picha ya kiti cha kifalme cha Kiluba kutoka New York bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hilo ni jema, na tunalisema waziwazi kwa sababu walimu wengi hawajalijua.

Lakini tazama maneno yanayowekwa chini ya picha hizo. Mara nyingi ni yale yale: Luba, Kongo, karne ya 19, mti na shanga, mchongaji hajulikani. Makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels, ambayo sasa yanaitwa AfricaMuseum, yanazungumza na wageni wake kwa Kifaransa, Kiholanzi na Kiingereza. Vitu vilitoka kwa watu wanaosema Kiluba na Kiswahili, na picha inaporudi kwa watu hao kupitia simu, inarudi bila lugha yao. Mama anayeuza mihogo sokoni ataiona, ataipenda kwa kubonyeza kidole, ataipita. Makumbusho yatahesabu kidole hicho na kuandika katika ripoti kwamba yamefika Afrika.

Kidole kimoja si mazungumzo. Na bila mazungumzo, makumbusho yenyewe ndiyo yanapoteza.

Kuna jambo moja ambalo kila mhudumu wa kurasa za makumbusho angepaswa kulijua. Katika miaka ya 1930, mtaalamu wa Ubelgiji Frans Olbrechts alikusanya vinyago kadhaa vya Kiluba vyenye nyuso ndefu na macho mazito, akatambua kwamba vinafanana mno kuwa kazi ya mikono mingi. Viwili kati ya hivyo vilitoka kijiji cha Buli, upande wa mto Lualaba. Basi mchongaji akaitwa Bwana wa Buli. Jina hilo likasafiri katika vitabu na maonyesho kwa miaka mingi, jina la kijiji kwa mtu aliyekuwa na jina lake. Baadaye sana, habari zilizotoka kwa watu wa huko huko ndizo zilizoleta jina: Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba. Wataalamu bado wanaandika «huenda», na ni haki yao kuwa waangalifu. Ila jina lilikuwa limekaa midomoni mwa watu muda wote huo, na aliyekwenda kuuliza alichelewa.

Ni majina mangapi mengine yamekaa hivyo, kuanzia ziwa Boya hadi Kisale? Kila msimu wa mvua tunazika mzee. Hakuna makumbusho yatakayomfufua ili aeleze kwa nini kiti fulani kilibebwa na mwanamke aliyepiga magoti, au chale zile za tumboni zilisema nini.

Kuna na sababu nyingine, ya kisiasa kabisa. Februari 2022, Waziri Mkuu wa Ubelgiji Alexander De Croo alimkabidhi mwenzake Sama Lukonde orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren. Mwezi Juni mwaka huo huo Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku. (Alikileta kwa mkopo usio na mwisho, neno ambalo mtu aliyewahi kukopesha jembe lake angelicheka.) Mwaka huo huo, bunge la Ubelgiji likapitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa isivyo halali.

Lakini nani atathibitisha kwamba kitu fulani kilichukuliwa isivyo halali? Karatasi za ofisa wa kikoloni zitasema zawadi au ununuzi. Ushuhuda wa upande wa pili haumo katika karatasi. Umo katika hadithi za jamaa: siku askari walipofika, mzee aliyefungwa, sanduku lililobebwa. Wakenya wameshaonyesha ukubwa wa kazi hii. Mradi wao wa kuhesabu vitu vyao vilivyo nje umepata zaidi ya 32,000 katika makumbusho na taasisi 30 hivi, na mwaka 2021 walifanya maonyesho Nairobi wakiweka makabati matupu ili watu waone kilichokosekana. Sisi orodha tumeshapewa. Hapa Kabongo hatujasikia ikisomwa redioni hata ukurasa mmoja.

Watu wengine watasema: basi wekeni kila kitu mtandaoni, mjadala uanze. Tunasita. Lukasa haikuwa ya kila jicho, na kuna vitu vya Mbudye na vya kitalu cha mulopwe ambavyo wenyewe wana haki ya kusema visionyeshwe. Kuna pia hatari ya kawaida kabisa: picha yenye bei ya mnada ikizunguka kwenye simu, wiki ijayo mnunuzi asiyejulikana atabisha hodi kwa mjane kuulizia kiti cha zamani. Ndiyo maana kuuliza kunatangulia kuonyesha. Machifu wa Kabongo na wa Kasongo Nyembo, na wazee waliobaki wa Mbudye, washauriwe kabla picha haijatoka, si baada ya watu kulalamika.

Kinshasa ilipata makumbusho mapya mwaka 2019 kwa msaada wa Korea Kusini, jengo zuri. Mtu wa Kabongo kufika huko ni ndoto. Hata Lubumbashi, yenye makumbusho yake tangu 1946, ni safari ya treni ambayo hakuna anayethubutu kuahidi siku ya kufika. Kwa hiyo kwetu simu si nyongeza ya ziara ya makumbusho. Simu ndiyo ziara yenyewe, na anayetuma lazima ajue simu zetu zilivyo. Picha nzito inakula mega za siku nzima. Picha ndogo iliyo wazi, pamoja na sauti ya dakika mbili kwa Kiluba na nyingine kwa Kiswahili, inaweza kupita kwenye WhatsApp kutoka kundi la kanisa hadi kundi la wanafunzi, na redio ya mtaa ikairusha jioni. Tunawaomba waandike mwishoni swali moja tu: unaujua huu? Ulitoka wapi? Na awepo mtu wa kusikiliza sauti zitakazorudi, wa kuziandika katika jalada la kitu hicho pamoja na jina la aliyesema, ikiwa amekubali.

Hili si jambo geni kwetu. Mwaka 2000, kabla ya Facebook kuzaliwa, mradi wa Mémoires de Lubumbashi uliwaunganisha Chuo Kikuu na Makumbusho ya mji huo, wakawaomba wakaaji walete vitu vya nyumbani mwao na kueleza habari zake. Wenyeji wakawa ndio wataalamu. Kilichofanyika kwa miguu katika mitaa ya Lubumbashi kinaweza kufanyika kwa sauti za WhatsApp hadi Kabongo, kwa gharama ndogo zaidi.

Tunaiomba Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ianze na sehemu ya orodha ya 2022 inayohusu Haut-Lomami. Iipeleke Kamina na Kabongo, kwa lugha zetu, vitu kumi kumi kila mwezi. Na nyumbani, wanafunzi wa sekondari wenye simu wasingoje barua ya Kinshasa. Mzee anayejua jina la mchongaji, au njia ya sanduku lililobebwa, arekodiwe kabla ya mvua hizi.