Daftari la Msaada Lisiwe Mtego

Katika Garissa wapo Wakenya ambao, ukame ulipowabana, walijiandikisha katika kambi za Dadaab wapate chakula. Alama za vidole walizotoa ndizo zilizotumiwa baadaye kuwanyima kitambulisho, wakaitwa wakimbizi katika nchi yao.

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 hulinda faragha ya mtu na jamaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hukataza habari kutumiwa kinyume cha shabaha iliyokusanyiwa. Basi twauliza: mama wa Hulugho atamweleza vipi ofisa wa ustawi wa jamii shida zake, ikiwa maneno yake yaweza kumhukumu mwanawe?

Twadai sheria hizi zifuatwe. Asiye na kitambulisho hapigi kura. Na vyama vingi pasipo kura ni jina tupu.