Majalada ya Prince Edward
Vitabu vingi vya shule husimulia mwisho wa ubaguzi katika shule za Marekani kwa kuwataja majaji wa Mahakama Kuu walioupiga marufuku mwaka 1954. Mimi nasema tuanze na majalada ya kesi ya Davis, mojawapo ya kesi walizoziamua, ya kaunti ya Prince Edward, Virginia, yaliyomo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya nchi hiyo. Humo mna picha zilizopelekwa mahakamani kuwa vielelezo: mabanda ya mbao yaliyofunikwa karatasi ya lami, nayo ndiyo madarasa ya watoto weusi wa shule ya Moton. Waliogoma Aprili 1951 kupinga hali hiyo, mgomo uliozaa kesi hiyo, ni wanafunzi wenyewe, wakiongozwa na Barbara Johns, binti wa miaka 16. Mwaka 1959 kaunti ilifunga shule zote za umma ili watoto weusi na weupe wasichanganyike, hadi 1964.