Ua Mmoja, Lango Moja

Jamaa zetu walioko Zombe, mashariki ya Kitui, huona tovuti ikiwakataa ilhali hawakukosa neno. Sababu ni anwani, yaani nambari anayotambulikana kwayo mwenye kuingia intaneti.

Anwani za toleo la nne hazizidi bilioni 4.3 duniani kote. Fungu la Afrika hugawiwa na AFRINIC, yenye makao Mauritius; tangu Januari 2020, mwombaji hapati zaidi ya 1,024 kwa mara moja. Basi kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, mfano wa wapangaji wa ua wenye lango moja. Mmoja akitapeli, tovuti hulifunga lango, na mwanafunzi asiyejua kitu hubaki nje.

Hatari kubwa zaidi ni tuhuma. Kampuni humtambua mteja kwa saa na nambari ya mlango wake ndani ya ua ule. Kijana akishtakiwa kwa anwani tupu, mzazi na adai hayo mawili kwanza. Toleo la sita lina anwani za kumtosha kila mtu, ila tovuti nyingi hazijahamia huko.