Daftari la Wateja Nalo Hupaliliwa

Mama msomaji,

Mwanamke anayeuza korosho zilizobanguliwa, karanga au vitenge pale Nachingwea au Ruangwa mjini hakosi daftari la wateja. Humo mna namba za simu za walimu, wauguzi, madereva wa mabasi na watumishi waliokuja kikazi. Siku hizi mna hata anwani za barua pepe za wanunuzi wa Dar es Salaam. Mzigo ukiwa tayari, huwaarifu wote kwa pamoja. Mwezi huu tuzungumze juu ya daftari hilo, kwani kama shamba, lisipopaliliwa huota magugu.

Magugu hayo yana sababu. Watumishi huhamishwa. Namba isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, kisha yaweza kupewa mtu mwingine. Wapo pia waliopoteza namba zao kuanzia Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa. Na anwani ya barua pepe ikikosewa herufi moja tu, barua haifiki.

Wengine husema, "Ujumbe ukipotea nimepoteza shilingi chache tu." Sivyo. Tuseme umeandika, "Mpenzi, ule mzigo umefika, njoo jioni uuone." Namba ile sasa ni ya baba mmoja huko Masasi, na aliyeusoma ujumbe ni mke wake. Je, nyumba hiyo italala kwa amani? Au unamkumbusha mwenzio deni la kitenge, kumbe namba sasa anayo jirani yake. Siri ya mama wa watu imefika sokoni.

Wenye biashara kubwa wana njia yao. Kabla ya kutuma matangazo kwa barua pepe, hupitisha orodha yao katika programu ya uhakiki. Programu hiyo hutazama kama anwani imeandikwa sawasawa, kama mtambo wa kupokea barua zake upo, na kama kisanduku chenyewe kinapokea. Kisha huipa alama, aghalabu kati ya 0 na 100, kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Zenye alama za juu hutumiwa barua, za katikati huchunguzwa, za chini huondolewa. Hawafanyi hivyo kwa anasa. Barua nyingi zikigonga mwamba, mtumaji huhesabiwa kuwa msumbufu. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwataka watumaji wakubwa wahakikishe kuwa malalamiko hayafikii barua 3 katika kila 1,000. Anayezidisha, barua zake hutupwa kwenye taka, hata zile za wateja wanaozisubiri.

Sisi kalamu inatutosha. Kabla ya msimu wa korosho kuanza mwezi Oktoba, keti na daftari lako utoe alama. Aliyenunua au kujibu mwaka huu mpe 3. Aliye kimya, lakini simu yake inaita, mpe 2. Asiyepatikana kabisa mpe 1.

Wenye 3 waendelee kuarifiwa. Wenye 2 wapigie mmoja mmoja kwa adabu: "Samahani, naongea na mwalimu fulani? Bado ungependa tukuarifu korosho zikiwa tayari?" Wenye 1 usiwafute siku hiyo hiyo, kwa maana alama si hukumu. Huenda mama yule yuko shambani kusiko na mtandao, au simu imeisha chaji. Mjaribu tena baada ya siku chache. Akikosekana mara tatu, futa.

Anayesema, "Usinitumie tena," mwondoe papo hapo bila kununa. Hiyo ni haki yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamruhusu mtu kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Na habari za deni usizitume kamwe kabla hujaisikia sauti ya mwenyewe.

Usihuzunike daftari likipungua. Majina 50 ya watu wanaokujua yana faida kuliko 300 ya kubahatisha. Aliyekupa namba yake amekuamini. Itunze kama unavyotunza fedha uliyowekewa na mwenzio.

Hadi mwezi ujao, tunakutakia biashara njema na amani nyumbani.