Siri ya mtungi aijuaye kata

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia, hawakosi watu wanaodai kwamba mwananchi mwaminifu hana haja ya kuificha kura yake. Husema: ukimtaka fulani, simama nyuma yake hadharani, ulimwengu ujue. Hoja hii ina sura ya ushujaa. Hata hivyo, tukiichunguza kwa makini tutaona kwamba ni hoja ya mwenye nguvu, na mnyonge ndiye huilipia gharama.

Tuanze mbali kidogo. Katika Uingereza ya karne ya 19, wabunge walichaguliwa waziwazi. Mpiga kura alijitokeza mbele ya halaiki, akataja kwa sauti jina la mtu aliyemtaka, na karani akaliandika kitabuni. Vitabu hivyo aghalabu vilichapishwa na kuuzwa, hivi kwamba kabaila aliweza kuketi sebuleni mwake na kusoma jinsi kila mpangaji wake alivyopiga kura. Mpangaji mkaidi aliweza kufukuzwa shambani, na mwenye duka akasusiwa na wateja. Sheria ya 1832 iliongeza idadi ya wapiga kura, na ile ya 1867 ikaiongeza tena, lakini hakuna hata moja iliyowapa ngao. Ngao hiyo ilibuniwa ng'ambo. Victoria na Australia Kusini zilianzisha kura ya siri mwaka 1856, na Uingereza yenyewe ikaifuata mwaka 1872.

Haikukosa wapinzani, na baadhi yao hawakuwa makabaila. Mwanafalsafa John Stuart Mill aliandika mwaka 1861 kwamba kura ni amana, na kwamba mwenye amana yapasa aitumie mbele ya macho ya umma. Ni hoja nzito. Lakini amana huwekwa mikononi mwa mtu aliye huru. Anayeweza kupokonywa kibanda chake kwa sababu ya jina alilolitaja hajatunza amana ya umma. Ametunza kibanda chake, na nani atamlaumu?

Sisi huku tuliyapitia mengi ya karne hiyo kwa kuchelewa. Walowezi wa Kizungu, wakiwamo wale wa uwanda huu wetu wa Uasin Gishu, walianza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1920. Mwafrika alingoja hadi Machi 1957, na hata wakati huo alipewa viti vinane tu. Haki ya kupiga kura ilipimwa kwa elimu, mapato, mali na vigezo vingine vya namna hiyo, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura moja, mbili au tatu. Si hadi Mei 1963 ambapo msomi na asiyejua kusoma walisimama sawa mbele ya sanduku.

Ajabu ni kwamba robo karne baadaye tulirudi nyuma kwa hiari yetu. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU, Februari 1988, wapiga kura waliamriwa kujipanga nyuma ya wagombea au picha zao. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na sisi watoto tulipanda juu ya ua kuitazama milolongo hiyo uwanjani. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu, alisimama katika mlolongo mrefu. Jioni alirudi nyumbani kimya, kwa kuwa ule mfupi ndio uliotangazwa mshindi. Nilimwuliza kwa nini hawakuhesabu tena. Akanijibu kwamba watu wameshakwenda zao kukama ng'ombe. Utahesabu nini, nyasi?

Jibu hilo lilinifunza tofauti kubwa. Kitabu cha karani wa Kiingereza kilikuwa cha dhuluma, lakini angalau kilibaki kuwa ushahidi. Mlolongo ulimwanika mpiga kura mbele ya chifu, mwajiri na jirani, kisha ukatawanyika bila kuacha hata karatasi moja ya kuhesabiwa upya. Viongozi wa makanisa waliupinga tangu ulipopendekezwa mwaka 1986, miongoni mwao Askofu Alexander Muge wa dayosisi yetu ya Eldoret. KANU yenyewe iliuacha Desemba 1990. Leo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 38, inamhakikishia kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura kwa siri.

Je, kwa hiyo tumeokoka? Sidhani. Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni kusikiliza watu wanavyosema. Nasikia mtu akitaja jina lake la ukoo, na msikilizaji papo hapo anampangia chama. Nasikia lafudhi ikimtoa mtu katika kundi moja na kumtia katika jingine. Huu ni mlolongo mpya, tena mbaya kuliko ule wa kwanza, maana wa kwanza mtu alijipanga mwenyewe, ilhali huu hupangwa na wenzake siku aliyozaliwa. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na mji huu, walichomwa humo, wakiwamo watoto wasio na umri wa kupiga kura. Hakuna aliyekuwa ameziona karatasi za kura za wazazi wao. Majina yao yalitosha.

Lugha yetu yenyewe ina la kutuambia hapa. Neno kura lilitujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuamua jambo kwa bahati nasibu. Walipopiga kura wazee, aliyekosa hakuwa na wa kumchukia, kwa kuwa hakuna aliyejua mkono wa nani ulimnyima. Siri ya kura inarudisha amani hiyo. Mshindwa anabaki na majirani, habaki na orodha ya wasaliti.

Nawageukia sasa walimu wenzangu. Ziko shule ambako viranja bado huchaguliwa kwa kuinua mikono, mwalimu akitazama nani kainua wa nani. Tunadhani tunaokoa muda, kumbe tunawafundisha vijana kwamba kura ni jambo la kumpendeza anayetazama. Vipande vya karatasi na katoni iliyotobolewa juu havina gharama. Nanyi wanafunzi, msimwulize mwenzenu alimpigia nani, wala msimkisie kwa jina lake. Swali hilo, likiulizwa kwa dhihaka leo bwenini, kesho litaulizwa kwa rungu barabarani.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Tumwachie kata siri yake, ili sote tuendelee kunywa katika mtungi mmoja.