Makazi katikati ya jiji: Mpango uwafikie pia wasio na namba ya mlango

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi, Serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi nchi nzima. Barabara zilipewa majina, nyumba zikapewa namba na vibao vikabandikwa milangoni. Kazi hiyo imerahisisha utoaji wa huduma na upangaji wa maendeleo. Katika Kata ya Mchafukoge, iliyo jirani na Mnazi Mmoja na soko la Kariakoo, kibao hicho kinaibua pia swali ambalo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam haina budi kulijibu katika mipango yake: je, ni nani anayepangiwa huduma iwapo mlango wake unakaribia kubomolewa, au iwapo hana mlango kabisa?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya namna mipango ya halmashauri inavyoandaliwa. Vipaumbele huibuliwa na wananchi katika mtaa, hujadiliwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha hufikishwa katika Baraza la Madiwani kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Katika mtaa, mtu hutambulika kwa nyumba anayoishi. Barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa ndiyo humsaidia katika maombi ya kitambulisho cha Taifa, dhamana, au mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri unaotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Anayepoteza nyumba hupoteza pia nafasi yake katika mpango.

Historia ya eneo hili inaonesha kwamba suala la nani aishi katikati ya jiji si jipya. Enzi za ukoloni, mji uligawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, huku uwanda wa Mnazi Mmoja ukitenganisha Uhindini na Kariakoo. Baada ya Uhuru, Serikali ilianzisha Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) mwaka 1962. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, chombo kilichounganishwa na NHC mwaka 1990. Kwa njia hiyo familia nyingi zikawa wapangaji wa umma katikati ya jiji, karibu na kazi, shule na hospitali.

Leo eneo hilo linajengwa upya kwa kasi. Kariakoo, nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na ukumbi katikati zimepisha maghorofa. Mara nyingi mwenye kiwanja huingia ubia na mwenye mtaji: mmoja hutoa ardhi, mwingine fedha za ujenzi, kisha hugawana sakafu. NHC nayo ilizindua sera yake ya ubia iliyoboreshwa mwaka 2022. Faida ni dhahiri. Ardhi hutumika vizuri zaidi, na majengo chakavu huondolewa kabla hayajaleta maafa. Kuporomoka kwa jengo la Kariakoo Novemba 16, 2024, na lile la Mtaa wa Indira Gandhi lililoua watu 36 Machi 29, 2013, ni ukumbusho mchungu kwamba usalama wa majengo hauwezi kuahirishwa.

Hata hivyo, katika ubia huo mpangaji hayumo mezani. Fidia ya ardhi humlenga mwenye haki ya ardhi, na mkataba wa ubia ni makubaliano ya pande mbili. Jengo jipya linapokamilika, sakafu za chini huwa fremu za maduka, za kati huwa stoo za mizigo, na vyumba vya kuishi, pale vinapobaki, hutozwa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. Familia iliyolipa kodi ya mwezi kwa mwezi huhamia pembezoni mwa jiji, na kila alfajiri hurejea kwa daladala au mwendokasi kufanya kazi mtaa ule ule ilikokuwa ikiishi.

Mfano wa namna tofauti ya kufanya upo kilomita chache kutoka Kariakoo. Wakazi wa Magomeni Kota walihamishwa mwanzoni mwa muongo uliopita ili kupisha ujenzi mpya. Machi 23, 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua nyumba 644 zilizojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania kwa ajili ya kaya 644 zilizohamishwa. Kilichowezesha wakazi hao kurejea ni jambo moja la msingi: majina yao yalifahamika, na Serikali ilitambua haki yao ya kurudi. Lakini walisubiri takribani miaka 10. Funzo hapo ni kwamba haki ya kurejea inapaswa kuandikwa, pamoja na muda wake, kabla nyundo ya kwanza haijagonga ukuta.

Kundi la pili halina hata mkataba wa kuvunjwa. Ni wabeba mizigo, wasukuma mikokoteni, vijana waliowasili karibuni kutoka mikoani na watoto wanaolala katika baraza za maduka baada ya milango kufungwa. Uamuzi wa mwaka 2025 wa kuifanya Kariakoo ifanye biashara saa 24 unaongeza umuhimu wa suala hili, kwani biashara ya usiku inahitaji watu wa usiku, na watu hao wanahitaji mahali pa kulala mchana, kuoga na kuhifadhi vitu vyao.

Njia ya kuwaondoa tu ilishajaribiwa. Mwaka 1983, kupitia Operesheni Nguvu Kazi, walioonekana hawana kazi mjini walikusanywa na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi, kwa kuwa kilichowaleta mjini hakikuwa kimebadilika.

Misingi ya huduma ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake, na Serikali ina makao ya watoto Kurasini na makazi ya wazee Nunge, Kigamboni. Pengo liko kwa mtu mzima mwenye nguvu za kufanya kazi asiye na pa kulala: si mtoto, si mzee, na hana mtaa wa kumtambulisha.

Inawezekana kumfikia. Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, makarani wa Sensa waliwahesabu pia watu waliolala nje. Kilichowezekana kwa usiku mmoja kinaweza kuwa kazi ya kawaida ya Afisa Ustawi wa Jamii wa kata, akishirikiana na Mtendaji wa Mtaa, kwa kuwa na orodha inayohuishwa mara kwa mara na kufikishwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kwa upande wa ujenzi, halmashauri ndiyo hutoa kibali. Hapo ndipo mwombaji anapoweza kutakiwa kuwasilisha, pamoja na michoro, orodha ya wapangaji waliopo na maelezo ya watakakoishi wakati wa ujenzi na baada yake. Sheria ya Hati Miliki za Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008 tayari inaruhusu jengo moja kuwa na wamiliki wengi, hivyo vyumba vya kuishi vinaweza kutengwa na kulindwa ndani ya jengo la biashara.

Upungufu wa nyumba nchini, unaokadiriwa kuwa takribani milioni 3, hautamalizwa na kata moja. Lakini Mchafukoge na Kariakoo ni mahali ambapo thamani ya ardhi ni kubwa kiasi kwamba mji unaweza kupata majengo mapya bila kuwapoteza watu wake, endapo watu hao watahesabiwa kwanza. Kibao cha namba mlangoni kilikuwa mwanzo mzuri. Hatua inayofuata ni kuwatambua wale ambao kibao hicho hakikuwafikia.