Franga iende ku udongo kwanza, mbegu itafuata



Kila mara barabara ya Sake ao ya Rutshuru inafungwa, mboga inapanda bei mu masoko yetu. Ao bei inabaki vile ilikuwa, lakini fungu ya lengalenga inakonda. Mama anayeuza hana kosa, naye ameinunua kwa taabu. Muji wetu unakula mboga za Masisi, Rutshuru, Kibumba na Minova, na njia zenyewe haziko mu mikono yetu. Juu ya ile, leo tunasema na mutu ambaye hajapanda kitu hata siku moja, na ambaye mfuko wake ni mwepesi: anaweza kuanza kashamba ka mboga pale nyumbani.

Mbele ya yote tuseme wazi: hii haiko Artikle 15. Tunajua kuna viongozi watafurahi kusikia vijana wanasema tujisaidie wenyewe. Katiba ya tarehe 18 februari 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya na ya usalama wa chakula. Kifungu cha 48 inahakikisha mayi safi ya kunywa. Saki tano za lengalenga hazifute deni ile. Zinaweka mboga mu sufuria wakati tunaendelea kudai.

Sasa tuingie mu kazi. Mutu wa Goma anaanza na shida yake mwenyewe: chini ni jiwe. Nyiragongo ilimwaga moto 1977, 2002 na 2021, na ule wa 2002 ulipita katikati ya muji. Kuna parsele ambamo ukipiga jembe unaona cheche. Na bado tunaona vijana wakipata franga kidogo wanakimbia kununua pakiti za mbegu zenye picha nzuri, karoti, betrave, shu-fleri, kisha wanazitupa mu changarawe. Hakuna kitu inatoka. Kijana anasema hana mukono wa kulima. Mukono iko, ni udongo njo ilikosa.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: kama uko na makuta ya kutumia mara moja, sehemu kubwa iende ku udongo mweusi na samadi. Mbegu za kuanzia unaweza kuzipata karibu bule.

Tafuta saki zilizokwisha kazi, za makala ao za unga. Changanya mabeseni mbili ya udongo na beseni moja ya samadi iliyooza. Kisha chukua kopo kubwa ya maziwa, uitoboe juu na chini, uisimamishe katikati ya saki na uijaze mawe madogo. Makoro, asante volkano, hapa kwetu hatununue! Weka udongo pembeni mpaka ifikie usawa wa kopo, vuta kopo juu, jaza tena mawe, ongeza udongo, mpaka saki ijae. Ile nguzo ya mawe njo inapeleka mayi mpaka chini. Bila yenyewe mimea ya juu inakunywa na ya chini inakauka. Mu mbavu za saki kata matundu madogo, kiganja kimoja kati ya tundu na tundu, na kila tundu upande miche. Juu ya saki pia unapanda.

Samadi ibichi, hapana. Inaunguza mizizi, na inabeba magonjwa. Iache ioze miezi miwili ao mitatu, imefunikwa. Mayi ya kumwagilia uiweke ku udongo, usiirushe ku majani, na mboga uioshe na mayi safi mbele ya kupika. Hapa Goma kolera haiko hadisi ya zamani.

Upande nini? Lengalenga kwanza. Mu wiki tatu ao ine unaanza kukata, na ukiacha shina na majani machache chini, inachipuka tena. Matembele unaomba vipande kwa mama jirani. Hatujaona mama anayekatalia mutu matembele. Puaro ya soko yenye mizizi, kata majani upike, chini uirudishe mu udongo. Nyanya, tunajua kila mutu anaiota, lakini inataka miezi karibu tatu na wakati wa mvua majani inaoza mbele ya macho yako. Iache kwa msimu wa pili, ukishazoea.

Mayi ndiyo ngumu. Muji unaolala kando ya ziwa na bado watoto wanasukuma bido ku chukudu: ile ni aibu, na iko na wenyewe, tutairudilia. Kwa sasa, mayi uliyooshea mchele ao mboga usiimwage bule. Ile ya sabuni na javeli iache. Funika udongo na majani makavu ili jua isiukaushe. Mvua ikianza, tega bido chini ya bati, ila mayi ya kwanza uimwage, juu bati inabeba vumbi na uchafu wa moshi ya volkano.

Kuhusu matunda, tunaomba kila mutu ajiulize kwanza: nitalala hapa mpaka lini? Mutu aliyekimbia vita mara tatu hawezi kuambiwa apande mbegu ya avoka na angojee miaka. Wengi wetu tunapanga nyumba, na mwenye parsele anaweza kututosha kabla ya mavuno. Saki inabebwa ku mabega, muti haubebwe. Kwa mupangaji, marakuja mu saki kubwa, ipande ku lupango, inatosha. Mwenye kwake apande papai kwa mbegu za tunda alilokula: miche tatu ao ine fasi moja, sababu mingine ni dume na haizae, kisha aache ile inayozaa.

Mu kila saki acha mimea miwili ya lengalenga bila kukata. Itatoa masuke, itakauka, utaipukusa juu ya kitambaa. Mbegu ni ndogo kama vumbi, lakini mumea mumoja unaweza kupandia saki zote za jirani zako. Mwenye mbegu na asiyekuwa na saki, mwenye saki na asiyekuwa na mbegu, wapatane mu avenue yao sasa, mbele ya mvua za septemba.